Grisi ya Silikoni ya Pikipiki: Kuijua Nzuri kwa Bei Nafuu

Ukiingia duka la spea ukaomba "silikoni" tu, muuzaji atakupa gundi ya gasketi. Gundi hiyo hukauka ikawa mpira, na ukiipaka kwenye pini za kalipa umeziua breki. Taja jina lote: grisi ya silikoni, ile isiyokauka. Tyubu ikiwa imeandikwa RTV, au ikinuka siki inapofunguliwa, irudishe.

Grisi yenyewe ni mafuta ya silikoni yaliyofanywa mazito, mara nyingi kwa unga laini wa silika. Ubora wake hupimwa kwanza kwa usafi: isiwe na mafuta ya petroliamu hata chembe. Sili za breki zinazotumia maji ya DOT 3 au DOT 4 kwa kawaida ni za mpira wa EPDM. Mpira huo ukikutana na grisi ya kawaida hufyonza mafuta, ukavimba na kulegea. Pistoni inakwama, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski, na mwenye pikipiki anaambiwa anunue kalipa nzima kumbe kosa lilikuwa ni kidole cha grisi. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya Honda hutaja grisi ya silikoni kwa pini za kalipa na pini ya mkono wa breki.

Anza na lebo. Tafuta maneno "silicone grease" au "dielectric grease", na namba ya NLGI 2, ambayo ndiyo uzito unaokaa mahali pake bila kuchuruzika. Nyingi huvumilia joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Jihadhari na lebo inayosema tu kwamba grisi "ina silikoni": huenda ni grisi ya kawaida iliyotiwa silikoni kidogo.

Kisha tumia macho na vidole. Grisi safi ya silikoni huwa haina rangi, au ina weupe hafifu unaopitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia, buluu au nyekundu, uliza maswali. Ifikiche kati ya vidole: iteleze laini, bila chengachenga. Ukikuta mafuta yamejitenga na kuelea juu ya kikopo, grisi hiyo imekaa vibaya au imetengenezwa vibaya.

Kipimo cha kijiko ndicho ninachokiamini zaidi. Weka kiasi cha punje ya mahindi kwenye kijiko kikuukuu, ukipashe juu ya moto mdogo, nje penye hewa. Grisi ya lithiamu, ile ya kila gereji, huyeyuka ikatiririka na kutoa harufu ya oili iliyoungua. Ya silikoni hubaki imeshikana kama jeli. Ukishaona tofauti, epua, usiiache iwake.

Kuhusu bei, gawa bei kwa gramu, usiangalie ukubwa wa boksi. Vijifuko vya gramu chache huonekana rahisi lakini kwa gramu mara nyingi ni ghali kuliko tyubu. Pita pia duka la vifaa vya mabomba: grisi ya kulainisha mipira ya koki mara nyingi ni silikoni tupu, na Molykote 111 inayojulikana sana kwa valvu ni ya jamii hiyo hiyo. Lebo ikithibitisha ni silikoni safi, itafaa kwenye pini zako. Tyubu ya gramu 50 itahudumia pikipiki moja miaka kadhaa, kwa kuwa kinachotakiwa ni utando mwembamba tu.

Ipake kwenye pini za kalipa zilizosafishwa zikang'aa, mipira ya kuzuia vumbi, na ukingo wa ndani wa kofia ya plagi ili maji ya masika yasipenye. Kumbuka haipitishi umeme. Ipake kwenye mpira, usiijaze kwenye chuma cha kugusana. Iweke mbali na swichi zenye kutoa cheche, maana hapo hugeuka silika na kukata umeme. Isiguse pedi, diski, wala bodi inayosubiri rangi, kwani rangi itakataa kushika. Mipira iliyotengenezwa kwa silikoni yenyewe pia usiipake, itavimba.

Beringi za magurudumu na cheni ziachie vilainishi vyake. Chuma kinachosagana na chuma chini ya mzigo mzito hakilindwi na silikoni, hata iwe ya bei gani.

Uamuzi wangu ni huu: tyubu ndogo iliyofungwa, yenye lebo inayosema wazi ni silikoni tupu na NLGI 2, iliyofaulu kipimo cha kijiko, inatosha. Nunua hiyo, na siku ya sevisi mkabidhi fundi wako mwenyewe kabla hajachovya kidole kwenye kopo lake.