Dawa ya kifafa ilitangulia ngisi

Kila makala juu ya milango ya ioni inaanzia kwa Hodgkin na Huxley: uzi mnene wa neva ya ngisi, mwaka 1952, kisha Nobel 1963. Kazi yao ni safi, sibishi. Kinachonikasirisha ni ile ya kusema eti ndipo dawa zikazaliwa. Hapana! Fenitoini ilionekana kutuliza kifafa tangu 1938, bila mtu kujua kama inaziba milango ya sodiamu.

Sisi wa agronomia mlango huo tunaujua: deltametrini, ile tunapulizia shambani, inauzuia usifunge, mdudu anatetemeka mpaka anakufa.

Sasa utafiti ulileta nini? Ile makala zinaruka: nani asipewe dawa. Kwa watoto wengi wenye ugonjwa wa Dravet, jeni SCN1A iko na kasoro, na seli zinazotuliza ubongo zinakosa milango ya kutosha. Ukiiziba tena kwa karbamazepini, degedege inaweza kuzidi. Hapo waandishi wangekaa kurasa nyingi. Mama wa kijijini hana kipimo cha jeni karibu. Iko na lazima ya muganga aliyesoma sehemu hiyo, asimwongezee mtoto dozi.