Asilimia 39: Uhakiki wa Thamani ya Kazi ya Nyumbani katika Mashauri ya Talaka nchini Rwanda

Makala haya yanahakiki kifungu kimoja cha sheria ya familia ya Rwanda, kile kinachoipa mahakama uwezo wa kuithamini kazi ya nyumbani isiyolipwa pindi wanandoa wanapoachana. Kwa mujibu wa Sheria Na. 71/2024 ya tarehe 26/06/2024, inayosimamia masuala ya watu na familia, mwenza aliyefanya kazi hiyo anaweza kupewa kati ya asilimia 10 na asilimia 39 ya thamani ya mali iliyopatikana walipokuwa wakiishi pamoja. Hoja yetu ni kwamba kifungu hicho, pamoja na nia yake njema, kimeupa upendeleo wa kijinsia kikomo badala ya kuuondoa.

Umbali uliokwisha kusafiriwa usipuuzwe. Kanuni ya Madai ya 1988 ilimtaja mume kuwa kiongozi wa familia. Katiba ya sasa, katika ibara ya 17, inawapa wanandoa haki na wajibu sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa talaka. Waliochagua umiliki wa pamoja wa mali zote kwa kawaida hugawana nusu kwa nusu, ingawa sheria ya 2024 inamruhusu hakimu, mmoja wao akiomba, kuacha mgawanyo sawa ikiwa ndoa haijatimiza miaka 5. Kwa hiyo uzito wa kifungu cha kazi ya nyumbani unawaangukia zaidi waliochagua utengano wa mali, au utaratibu ambao Kinyarwanda huuita umuhahano, yaani kuchangia hasa kile kilichochumwa ndani ya ndoa.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Nyarutarama, mtaa wa Kigali wenye nyumba za thamani kubwa. Mume na mke walitenga mali zao. Mke aliacha ajira mtoto wa kwanza alipozaliwa. Mume akaendelea na kazi, na nyumba yenye thamani ya faranga milioni 300 ikaandikishwa kwa jina lake. Wanapoachana, asilimia 10 ni faranga milioni 30. Asilimia 39 ni milioni 117. Tofauti ya milioni 87 inategemea namna hakimu mmoja atakavyouelewa mchango wa mke huyo. Hata akieleweka kikamilifu, hawezi kuifikia nusu, ambayo ni milioni 150.

Hapo ndipo swali la ushahidi linapokuwa gumu. Katika nyumba ya namna hiyo huenda pana mpishi, yaya na mlinzi wa lango. Wakili wa mume atauliza: basi mke alifanya kazi gani? Swali hilo linachukulia kwamba kazi ya nyumbani ni kufua, kupika na kudeki. Kukesha na mtoto mgonjwa, kufuatilia masomo, kuwauguza wazazi wa pande zote mbili, kupanga matumizi ili mshahara mmoja utoshe: hayo hayana stakabadhi. Mume anayo hati ya malipo ya kila mwezi. Utaratibu wa ushahidi unaomtaka kila mmoja alete karatasi hauonekani kumpendelea yeyote, lakini mwenye karatasi anajulikana kabla kesi haijaanza.

Majirani wameupitia mjadala huu mapema. Nchini Tanzania, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua mwaka 1983, katika shauri mashuhuri la Bi Hawa, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kanuni ilishinda, ila mdai mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi. Wanaoitaja hukumu hiyo kama ushindi wa wanawake husahau mara nyingi sehemu hii ya pili. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu ilisema mwezi Januari 2023 kwamba usawa unaotajwa katika ibara ya 45(3) ya Katiba haumpi mwenza nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Msimamo huo una ugumu wake, lakini haukuweka dari. Anayethibitisha nusu anaweza kupewa nusu.

Dari la Rwanda linatoka wapi? Kwa maoni yetu, linatokana na dhana kwamba nyumba ni maumbile ya mwanamke, na kwamba anachokifanya humo ni msaada kwa kazi halisi inayofanyika nje. (Waswahili wa mijini Tanzania humwita mke asiye na ajira "golikipa", utani ambao unakiri bila kukusudia kwamba bila yeye timu hufungwa.) Dhana hiyohiyo huwadhulumu wanaume upande mwingine. Sheria ya familia ya 2016 ilielekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 aishi na mama, isipokuwa maslahi yake yawe hatarini. Baba aliyelea alianza shauri akiwa nyuma. Mama hupewa mtoto kwa sababu malezi ni kazi yake, kisha hupunguziwa mali kwa sababu malezi si kazi.

Kifungu kinasema "mwenza", si "mke", na ni vema. Mume aliyebaki nyumbani naye anastahili. Hata hivyo, maneno yasiyotaja jinsia hayatoshi mahali ambapo kazi yenyewe imegawanywa kwa jinsia.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, dari la asilimia 39 liondolewe, na mahakama iwe huru kufika nusu pale ushahidi unapoifikisha huko. Pili, kila hukumu ieleze kwa maandishi kwa nini ilichagua asilimia 15 na si 30: miaka ya ndoa, idadi ya watoto, ajira iliyoachwa na aliyeombwa aiache. Bila maelezo hayo, mahakama ya rufani haina cha kupima, na mtafiti hawezi kujua kama wake wa Nyarutarama na wake wa vijijini wanapimwa kwa mizani moja.