Mlima mbele ya meza ya kazi

Bandugu, kuna swali moja lenye kila mtu mwenye diploma atalikuta siku moja mbele ya meza ya mtu fulani: «Ulishafanya kazi gani?» Ukikosa jibu, unaona vile kalamu inasimama. Mchezo wa televisheni wenye ulionyesha aibu hiyo kuliko yote niliyoona haukuandikwa juu ya msomi. Uliandikwa juu ya bondia. Unaitwa Requiem for a Heavyweight, mwandishi ni Rod Serling, na CBS ya Marekani iliutangaza moja kwa moja tarehe 11 Oktoba 1956, katika programu ya Playhouse 90.

Programu za aina ile zilileta kila wiki hadithi mpya na watu wapya. Hakuna shujaa wa kurudi wiki ijayo. Njo maana waandishi wa wakati ule waliweza kumchukua mtu mwenye hakuna anayemwangalia, wakampa usiku mmoja mzima. Paddy Chayefsky alishafanya hivyo mwaka 1953 na Marty, muuza nyama wa Bronx mwenye kujiona hana sura ya kupendwa. Wengi wetu tunamjua Serling kwa The Twilight Zone tu, ile ya mambo ya ajabu. Kumbe alishaonyesha huruma yake mbele, bila ajabu lolote. Na ngumi alizijua: alipigana akiwa askari, pua yake ikavunjika.

Mtu wake anaitwa Mountain McClintock, ni kusema Mlima. Jack Palance ndiye anamcheza. Zamani alikaribia kuwa bingwa. Sasa daktari anamkataza kurudi ulingoni. Maneja wake Maish ako na deni kwa watu wabaya, kwa sababu alibashiri kwamba Mlima ataanguka mapema, naye Mlima akavumilia raundi zingine. Fikiri kidogo: uvumilivu wake ndio umemtia maneja hasara! Ili kulipa, Maish anataka kumwingiza katika mieleka ya kupangwa, avae nguo za kuchekesha, aanguke kwa pesa. Na Mlima ako na kitu kimoja tu cha kujivunia: hajawahi kuuza pambano hata moja.

Halafu anaenda kutafuta kazi. Pale anamkuta Grace, mfanyakazi wa biro. Serling hakumfanya malaika. Ako na fomu na anauliza maswali ya kawaida. Lakini fomu haina nafasi ya kuandika maisha ya huyu mtu. Uso wake umeharibika, sauti yake ni nzito, na bado anaieleza kazi yake kwa heshima, sawa mtu mwenye kueleza masomo yake. Grace anaacha fomu, anamwangalia yeye. Anaanza kufikiri kama angeweza kufanya kazi na watoto, kuwafundisha michezo. Kwangu, hapo ndipo nguvu ya mchezo. Huruma ya Grace si machozi. Amebadilisha swali tu: kutoka «ulifanya nini?» mpaka «unaweza kufanya nini?»

Miaka minne mbele, Serling alirudia bondia mwenye kuchoka. Ni The Big Tall Wish, ya The Twilight Zone, tarehe 8 Aprili 1960. Bolie Jackson, anayechezwa na Ivan Dixon, ni mweusi, na karibu wote wa muhimu katika hadithi ni weusi, jambo la nadra sana kwa televisheni ya Marekani ya wakati ule. Tena hawaletwi kama «tatizo». Ni mama, mtoto na jirani. Hiyo peke yake ni heshima kubwa.

Lakini tuangalie hadithi yenyewe. Bolie anavunja mkono wake mbele ya pambano, kwa hasira, kisha kujua vile amesalitiwa. Anaangushwa. Mtoto wa jirani, Henry, anamwombea kwa nguvu zake zote, na mara Bolie ndiye amesimama, mwenzake yuko chini. Henry anamwambia: amini, itabaki hivyo. Bolie anashindwa kuamini, anajikuta chini tena, anahesabiwa, imeisha.

Najua mtanijibu kwamba Serling anamlilia mtu mwenye maisha yamempiga hata akapoteza imani. Ni kweli, na uso wa Dixon unasema hivyo. Lakini angalieni nani amepiga ngumi ya mwisho. Ni moyo wa Bolie mwenyewe! Msaliti amesahaulika. Sisi tunayajua hayo maneno: huna kazi kwa sababu huna imani, ongeza maombi. Mchezo wa 1956 haukusema hivyo. Ulionyesha nani alipata faida, na mwili wa nani ulilipa.

Mwaka 1962 Requiem ikawa filamu, na hapa Kongo inatugusa. Kijana mwenye kumpiga Mlima mwanzoni (sasa ni Anthony Quinn) ni Cassius Clay mwenyewe, yule yule Muhammad Ali mwenye alimwangusha Foreman Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Ila kamera haikai upande wa Clay. Inakaa ndani ya macho ya mwenye kupigwa, na sisi ndio tunapokea ngumi. Kinshasa tunaimba jina la mshindi mpaka leo. Filamu hii inatuweka kwa yule mwingine.

Mwisho nao ulibadilika. Katika televisheni, Mlima anakataa mieleka, anapanda treni kurudi kwao, na ndani ya treni anamwonyesha mtoto namna ya kupiga ngumi. Katika filamu, anavaa manyoya na kuingia ulingoni, watu wanamcheka, ili Maish asiuawe. Mimi niko upande wa filamu, hata kama inaumiza. Inaonyesha kwamba mwenye huruma kubwa kuliko wote ni Mlima mwenyewe, na kwamba kuna watu wanaishi kwa kuila huruma ya namna hiyo.

Treni inatufariji, lakini haituambii kama kule nyumbani kuna kazi. Filamu inatuachia hesabu: Grace mmoja, mwenye moyo mzuri, hatoshi mbele ya deni. Wengi wetu tunasubiri siku ya kukaa ng'ambo ile ingine ya meza. Tutahitaji macho ya Grace, ndiyo. Lakini tutahitaji pia kuuliza kama Serling wa 1956: huyu mwenye kusimama mbele yangu, ni nani alikula jasho lake?