Nasaba, Shamba na Jalada: Uhakiki wa Inside West Nile
Katika Inside West Nile (2005), Mark Leopold anaisimulia historia ya Arua kinyumenyume, kutoka sasa hadi enzi za Lado, kabla ya eneo kuingizwa Uganda mwaka 1914. Mbinu hiyo inafichua jinsi maandishi ya wageni yalivyowajengea wenyeji sifa ya ukali. Hata hivyo, mkulima wa Aroi anayetafuta mpaka wa shamba la babu yake hanufaiki sana: majalada yalihesabu kodi, hayakurithisha konde. Nazo nasaba, kama John Middleton alivyoonyesha kwa Walugbara, hurekebishwa zilingane na makazi ya sasa. Basi watekelezaji wa Sheria ya Ardhi ya 1998, inayotambua umiliki wa kimila, wavisome vyote viwili vikihojiana. Ukimya wa jalada haumnyang'anyi mtu shamba.