Ngumi Juu: Dean Smith Alivyogawa Dakika

Mchezaji aliyechoka ana uongo wake. Ukimuuliza kama anaweza kuendelea, atasema anaweza, maana anajua akitoka huenda asirudi. Atashika magoti mpira ukisimama, atachelewa kurudi kukaba, atamwachia mtu wake njia hadi chini ya kikapu, na bado hataomba kutoka. Dean Smith, aliyeifundisha timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha North Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, aliuvunja uongo huo kwa kanuni moja. Ukichoka, nyanyua ngumi. Utatolewa, utapumzika, na pumzi ikirudi utamwambia kocha nawe utaingia tena. Kurudi ni uamuzi wako. Usiponyanyua, kocha akakuona unavuta miguu, atakutoa yeye, na hapo utarudi atakapopenda yeye.

Kwa juu juu ni kanuni ya pumzi, lakini imebeba mfumo mzima wa Smith: anayesema ukweli anafaidika, anayeficha anapoteza, na bei imetajwa kabla ya mechi kuanza, wakati hakuna aliyekasirika.

Smith alilijua benchi kwa kulikalia. Alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya Chuo Kikuu cha Kansas iliyotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1952 chini ya kocha Phog Allen. Sidai kwamba hilo linaeleza kila kitu, ila makocha wengi wa vijana walikuwa nyota wa shule zao, na nyota hajui dakika 38 za kukaa zinafanya nini kichwani mwa kijana wa miaka 18.

Pengine ndiyo maana akabuni kile kilichoitwa Kikosi cha Bluu. Katika kipindi cha kwanza aliwatoa wachezaji wote watano kwa mpigo na kuingiza watano wa akiba kwa dakika chache. Hawakuingia kutafuta pointi. Waliingia kukaba kwa nguvu zote na kumkimbiza mpinzani aliyeanza kutweta, kisha wakatoka. Jambo la kutazama hapa ni hilo la kuingia pamoja. Mchezaji wa akiba ukimchomeka peke yake kati ya nyota wanne, atasimama pembeni akisubiri pasi isiyokuja, na akikosea mara moja macho yote ni yake. Watano walioingia pamoja wana kazi yao, wana mwendo wao, na wiki nzima mazoezini wanajua wanajiandaa kwa ajili ya nini. Nyota nao wanarudi wamepumzika. Mechi za vyuo ni dakika 40, na dakika mbili za kupumzika kipindi cha kwanza zinaonekana mwishoni.

Lakini ufundi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Smith hakuchanganya dakika na heshima. Dakika zilifuata uwezo na juhudi. Heshima ilifuata miaka ya kukaa kwenye timu. Mwaka 1981 alifika kijana aitwaye Michael Jordan. Alianza mechi ya kwanza kabisa ya msimu, jambo ambalo wachache sana wa mwaka wa kwanza walilipata kwa Smith. Hata hivyo alibeba mizigo ya timu kama wenzake wa mwaka wa kwanza, na jarida la Sports Illustrated lilipotaka picha ya jalada ya kikosi kinachoanza, Smith alikataa Jordan awemo. Wakapigwa picha wanne. Miezi michache baadaye huyo huyo alifunga mtupo ulioipa timu ubingwa wa 1982 dhidi ya Georgetown, 63 kwa 62. Upande wa pili, mechi ya mwisho ya nyumbani kila msimu walianza wachezaji wa mwaka wa mwisho, hata yule ambaye mwaka mzima alikuwa wa kupiga makofi. (Upo utani kwamba mtu pekee aliyemzuia Jordan asifikishe wastani wa pointi 20 ni Dean Smith. Wastani wake wa miaka mitatu pale ulikuwa 17.7. Jordan mwenyewe aliendelea kumheshimu mzee huyo.)

Kwenye adhabu ndipo ninapositasita. Wachezaji wake wa zamani wamesimulia jinsi mkosaji alivyokalishwa pembeni akitazama wenzake wakikimbia kwa kosa lake. Kwa vijana wa miaka 20 waliochaguliwa mmoja mmoja, aibu hiyo inafundisha. Kwa watoto wa miaka 13, kocha akigeuka tu, mkosaji atashughulikiwa na wenzake huko nyuma ya darasa.

Kocha Ken Carter wa Richmond, California, aliipeleka adhabu ya pamoja mbali zaidi. Mwaka 1999 timu yake ya sekondari ilikuwa imeshinda mechi 13 bila kupoteza, akafunga ukumbi wa mazoezi kwa sababu wachezaji 15 kati ya 45 wa programu yake hawakutimiza mkataba wa masomo waliousaini. Waliotimiza nao walifungiwa. Kilichomsaidia Carter wazazi walipokuja juu ni ile karatasi: masharti yalikuwepo kabla ya kosa.

Sasa, timu ya mtaani yenye watoto tisa haiwezi kuwa na Kikosi cha Bluu. Watano wakitoka wanabaki wanne. Inaweza kuingiza watatu pamoja katika robo ya pili, na kuwatangaza tangu mazoezi ya mwisho ili wajiandae. Ngumi haina gharama yoyote, ila ina masharti magumu kwa kocha kuliko kwa mchezaji. Aliyenyanyua mkono akisema yuko tayari, lazima arudi, hata kama aliyeingia badala yake anacheza vizuri kuliko yeye. Kocha akimnyima mara moja tu kwa sababu mechi imebana, mechi inayofuata atawaona wote wameshika magoti na hakuna ngumi hata moja.