Wajenzi wa Nyumba Nyeupe katika picha ya Wyeth

Fundi wa picha akichora nyumba iliyokwisha, aweza kutuonyesha kuta tu. Akiichora ingali ikijengwa, hana budi kutuonyesha watu. Kwa hiyo yafaa tuipime picha ya N. C. Wyeth, Mwamerika (1882–1945), aliyoichora mwaka 1930 kwa ajili ya matangazo ya shirika la reli la Pennsylvania. Inaonyesha Nyumba Nyeupe, makao ya Prezidenti wa Marekani, kabla haijatimia.

Kwanza tusifu. Mbele wamesimama watu wawili: George Washington na James Hoban, aliyebuni nyumba ile. Nyuma yao kazi inaendelea. Washington hakukaa humo hata siku moja: alikufa mwaka 1799, na Prezidenti John Adams akaingia wa kwanza mwaka 1800. Mzee anaitazama kazi ambayo wengine wataifaidi. Wazo hilo ni zuri, na kila katekista alifahamu.

Lakini ukweli wa picha haukomi kwenye sura za wakubwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa kumi 1792. Mawe yalitoka Aquia, katika Virginia, na wengi waliochimba na kubeba walikuwa watumwa weusi. Orodha za malipo zingaliko: humo tunasoma maseremala Peter, Ben, Harry na Daniel, majina matupu pasipo jina la ukoo. Feza ya kazi yao walipewa mabwana zao. Na mmoja wa mabwana hao alikuwa Hoban mwenyewe, Mkatoliki wa kutoka Irlandi. Jambo hilo latuuma sisi zaidi. Yule asimamaye mbele katika picha ndiye aliyepokea mshahara wa waliokuwa nyuma.

Je, Wyeth alidanganya? Hapana. Alitakiwa kuwavuta wasafiri, naye alifanya kazi yake vema. Walakini picha yake yatuzoeza kusadiki kwamba nyumba hujengwa na wale wanaoitazama. Mtakatifu Yakobo, katika Waraka wake, alionya vikali juu ya mshahara waliozuiliwa vibarua. Kumzuilia mtu jina lake ni jambo la karibu na hilo.

Ndugu waseminari, siku moja mtaagiza picha ya kanisa lenu jipya. Askofu atasimama mbele, na padri kando yake. Ni haki yao. Lakini mwulizeni fundi: waliofyatua matofali wako wapi?