Nimemkuta Mjerumani Mombasa, na siye yule niliyemzoea!

Jamani, nimerudi! Miguu imevimba, simu imejaa picha, vidole bado vyekundu kwa mabuyu, na nisipoandika usiku huuhuu nitapasuka.

Kwanza mjue nimetoka wapi. Mtu wa Dar es Salaam ukimtajia Mjerumani, kinachomjia ni boma, kiboko na Maji Maji. Ndiye Mjerumani tuliyesomeshwa. Basi nilipopanda basi la usiku kupitia Tanga na Horohoro, nia yangu ilikuwa viazi karai na Fort Jesus, basi. Alfajiri tukavuka kivuko cha Likoni, kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa yenyewe, kikajitokeza mbele yangu, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimemkuta Mjerumani mwingine kabisa. Huyu alifika Mombasa kabla nchi inayoitwa Ujerumani haijazaliwa!

Pigeni hesabu wenyewe. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliteremka hapa mwaka 1844. Dola ya Ujerumani iliundwa 1871. Sasa alikuwa raia wa nani? Wa mfalme wa Württemberg! Ufalme huo leo ni sehemu ya jimbo la Baden-Württemberg, lililoundwa 1952, makao makuu Stuttgart. Liko pembe ya kusini-magharibi: mto Rhine unalitenganisha na Ufaransa, ziwa Bodensee linalipakanisha na Uswisi, Msitu Mweusi umefunika milima yake, na mto Neckar unateremka katikati ya mashamba ya mizabibu. Krapf alizaliwa 1810 huko Derendingen, kijiji ambacho siku hizi kimemezwa na mji wa Tübingen. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyemfuata 1846, alitoka Gerlingen, jirani na Stuttgart. Wa tatu, Jakob Erhardt, alifika 1849, naye wa hukohuko Württemberg. Watu watatu, ufalme mmoja mdogo usio na hata pwani! Utadhani kulikuwa na basi la moja kwa moja.

Haya, Mji wa Kale wenyewe. Fort Jesus sitawachosha nayo: Wareno waliianza 1593, UNESCO wakaiorodhesha 2011, nendeni mkaione. Mimi roho yangu imebaki nyuma yake, vichochoroni. Milango ya nakshi! Vibaraza vya mbao vinavyoning'inia juu ya kichwa chako! Mnara wa msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, mnene chini na mwembamba juu, umetulia kama bibi aliyemaliza kazi zake! Halafu harufu ya kahawa tungu inakushika mkono, unaifuata tu.

Niliifuata hadi kwa mzee mwenye dele la shaba.

“Shikamoo mzee. Samahani, njia ya Leven House ni ipi?”

“Marahaba mwanangu. Watoka wapi?”

“Dar es Salaam.”

“Ndiyo maana wasema njia. Hapa ni Ndia Kuu. Ndia. Na hayo unayonitolea ni mato, si macho.”

Baraza zima likacheka, nami nikacheka nao, nikaongezewa kikombe. Nikaenda.

Leven House! Nyumba imekaa juu ya maji ya bandari ya zamani, jina lake limetokana na manowari ya Waingereza waliojishikiza hapa kati ya 1824 na 1826, na ni miongoni mwa nyumba zilizompokea Krapf. Nilishuka ngazi za mawe kuelekea baharini, polepole, mkono ukutani. Matumbawe yanakwaruza kiganja. Ubaridi unapanda kutoka chini, sauti za mtaani zinakatika, unasikia maji tu yakigonga jiwe. Huko chini kuna kisima cha maji matamu, hatua chache kutoka kwenye chumvi. Hapo ndipo nywele ziliponisimama.

Nilipopanda tena, nikaketi kivulini nikisoma simu kama mwanafunzi mwenye mtihani kesho. Na kilichonimaliza si safari za milimani, ingawa nazo si haba: Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Kitui Desemba 1849, na mabingwa wa jiografia Ulaya wakabisha kwamba theluji ikweta haiwezekani. Kilichonimaliza ni lugha. Krapf alikaa na wenyeji akaandika wanavyotamka. Kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin, alimsaidia kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili mwaka huohuo wa 1844. Fikirieni kikao hicho: kadhi na mmisionari, karatasi moja! Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa Tübingen, kwao, kando ya Neckar. Miswada ya tenzi aliyoipeleka Ulaya, ikiwemo Chuo cha Herkal, ikahifadhiwa Halle. Kamusi yake kubwa ikatoka 1882, yeye akiwa amefariki Novemba 1881. Imesheheni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa! Yaani ndia ile niliyochekewa barazani ilishapandishwa meli zamani sana.

Miaka 3 baada ya kamusi, 1885, yule Mjerumani wetu wa boma akaanza kazi Tanganyika. Sikulisahau hilo, na sisemi mmoja anamsafisha mwingine. Nasema tulipewa mmoja tu darasani.

Sasa sikieni hili. Watu wengi wa Württemberg huitwa Waswabi, na wao kitu kidogo hukitia -le mwishoni, kama sisi tunavyotia ki- mwanzoni. Tambi zao mashuhuri, Spätzle, maana yake ni shomoro wadogo! Tena wana desturi iitwayo Kehrwoche, wiki ya kufagia: wakazi wa jengo hupokezana zamu ya kufagia ngazi na njia ya mbele, na mwenye zamu hutundikiwa kibao mlangoni. Nimesoma hayo huku mama mmoja mbele yangu akifagia kibaraza chake kwa chelewa, akanyunyiza maji, akanitazama mpaka nikainua miguu. Wangeelewana!

Kasoro? Zipo. Sikuona kibao hata kimoja njiani cha kuniunganishia habari hizi; bila simu ningepita kama kipofu. Saa saba mchana jua halina huruma. Na pikipiki vichochoroni, subhanallah.

Lakini usiondoke kabla hujavuka daraja la Nyali. Nilichukua tuktuk hadi Mkomani. Hapo amelazwa Rosine, mke wa Krapf, aliyefariki kwa homa Julai 1844 pamoja na kichanga chao, miezi michache tu tangu wafike. Alitaka azikwe bara, mahali wapita njia watakapoliona kaburi. Kelele zangu zote zikaisha. Nilisimama, nikatazama ng'ambo ya maji, na Mji wa Kale wote ulikuwa mbele yangu, mweupe, na jahazi moja likiingia bandarini.

Hukumu yangu? Nyota tano, na ya sita nampa mwenye kahawa. Nenda asubuhi na mapema, vaa kwa heshima, beba chenji. Anza Ndia Kuu, malizia Mkomani. Na ukiuliza, usiseme njia. Mimi nimeshaumbuka kwa niaba yenu wote.